Utafiti Wetu Unamfikia Nani? Swali la Ngamia na Swali la Mbwa

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya Watanzania na wenzetu wa Kenya hapa Deira, Dubai. Nimeombwa niyaandike ili waliokuwa zamu usiku ule, pamoja na ndugu zetu wa nyumbani, nao wayasome. Nimerekebisha maneno machache tu.)

Namshukuru mwenyekiti na kamati kwa kunialika. Nawashukuru pia akina mama walioandaa chakula, maana najua wengi wenu mmekuja kwa ajili ya pilau na mimi ni adhabu ya kuipitia kabla ya kuifikia.

Nilipoombwa nizungumzie afya, mwenyekiti alitarajia niseme habari za sukari na presha. Nitakuja siku nyingine kwa hayo, na wenye vitambi msidhani mmeokoka. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo mwanzoni litaonekana haliwahusu. Nataka tuulizane: utafiti unaofanywa juu ya wanyama wetu, watoto wetu na maradhi yetu, unamfikia nani? Mimi si mtafiti. Nina digrii ya uuguzi na mikono iliyozoea kuchoma sindano. Lakini muuguzi ndiye mtu wa mwisho katika msururu ule. Utafiti usipomfikia yeye, na yeye asipomfikishia mgonjwa, basi umebaki karatasi.

Nianze na hapa tulipo. Nilifika Dubai mapema mwaka 2014, baada ya kufanya kazi miaka michache hospitali ya bara. Katika siku zangu za mwanzo nilipewa fomu ya kumhoji mgonjwa mwenye homa na kikohozi kizito. Maswali yalikuwa ya kawaida: umesafiri wapi, umekaa na mgonjwa gani. Kisha likaja swali lililonifanya nicheke peke yangu: je, umekuwa karibu na ngamia, au umekunywa maziwa ya ngamia yasiyochemshwa? Nikajisemea, hawa Waarabu na ngamia wao! Dada mmoja wa Kifilipino aliyekuwa akinielekeza hakucheka. Akaniambia, swali hilo ndilo muhimu kuliko yote.

Kwa wasiojua, mwaka 2012 huko Saudi Arabia ulitambuliwa ugonjwa mpya wa mapafu unaoitwa MERS. Ulikuwa unaua watu wengi katika wanaougua, na miongoni mwa walioambukizwa walikuwemo wafanyakazi wa hospitali, wauguzi kama mimi. Watu wakawa wanauliza: umetoka wapi? Hapa Dubai ipo Maabara Kuu ya Utafiti wa Mifugo, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikichunguza damu za ngamia na kuzihifadhi. Watafiti wakachukua sampuli 651 za ngamia wa nchi hii. Sampuli 500 zilikuwa za mwaka 2013, na 151 zilikuwa zimekaa kwenye majokofu tangu mwaka 2003, miaka tisa kabla ya ugonjwa kujulikana kwa binadamu. Walipopima, sampuli 632 kati ya zile 651 zilikuwa na kingamwili za kirusi kile. Na zile za mwaka 2003 zilikuwa nazo zote 151, bila kubaki hata moja.

Yaani kirusi hakikuja mwaka 2012. Kilikuwepo siku zote, ila hakuna aliyekuwa amekiuliza ngamia.

Na msidhani ni habari za Waarabu peke yao. Watafiti walipopima sampuli 774 za ngamia wa Kenya zilizokusanywa kati ya mwaka 1992 na 2013, karibu asilimia 30 zilikuwa na kingamwili hizo hizo. Wakapima za Somalia na Sudan za tangu miaka ya 1980, nazo zilikuwemo. Kisha wakapima damu za watu 1,122 wanaoishi na mifugo huko Kenya, wakapata wawili tu wenye dalili ya kuwahi kuambukizwa. Kwa nini ngamia wetu wamejaa kirusi na watu wetu hawaugui sana kama wa huku? Wataalamu bado wanabishana. Lakini mimi nilichokiona ni hiki: kutoka kirusi kutambuliwa mpaka swali kufika kwenye kalamu ya muuguzi mgeni aliyetoka Pemba, ilichukua takriban miaka miwili. Maabara ya mifugo ilizungumza na hospitali ya binadamu, na hospitali ikazungumza na mimi. Mnaita bahati? Mimi naita mpangilio.

Sasa niwapeleke nyumbani.

Mapema mwaka 2017 nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimelala, simu ikalia. Alikuwa kaka yangu, anapiga kutoka Pemba. Nikajua kuna jambo, maana kaka yangu huwa habipu wala hapigi, yeye hungoja apigiwe. Akaniambia, "Mdogo wangu, mtoto kaumwa na mbwa."

Mtoto mwenyewe ni wa kaka huyo, wakati ule ana miaka minane. Alikuwa anakwenda chuoni asubuhi na juzuu yake mkononi. Mbwa hakubweka. Alimtokea kichakani, akamuuma kwenye muundi wa mguu, akaendelea na safari yake kama asiyeona kitu. Jamaa waliomsoma dalili yule mbwa wanaelewa kwa nini usingizi uliniruka.

Nikamuuliza, "Kaka, kidonda mmekikosha?"

"Tumekikosha mara saba, moja kwa udongo."

"Na mbwa yuko wapi?"

"Vijana wamempiga wamemuua, wamekwenda kumtupa."

"Na hospitali je?"

Hapo akanyamaza. Walikuwa wamekwenda kituo kimoja cha afya, wakaambiwa chanjo imekwisha, waulize mjini. Mjini wakaambiwa ipo lakini si leo, mwenye ufunguo hayupo. Wakaambiwa labda mjaribu Unguja. Mtoto wa mkulima wa karafuu, baba yake hana nauli ya boti mfukoni, anaambiwa ajaribu Unguja! Nilivaa baibui, nikakimbia kutuma pesa, na nikashinda siku nzima kwenye simu. Mtoto alipata sindano ya kwanza siku ya nne.

Ndugu zangu, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi niliwahi kumwona mgonjwa wa kichaa cha mbwa, mtu mzima, mwenye akili zake timamu. Alikuwa na kiu na anayaogopa maji. Ukimwonesha kikombe koo linakaza na mwili mzima unatikisika. Hakuna tulichoweza kumfanyia zaidi ya kumpunguzia maumivu, kwa sababu ugonjwa huu dalili zikishaanza hauna dawa. Alifariki, na picha ile haijaniondoka. Basi kwa muda wa miezi mitatu, kila nikipiga simu nyumbani, kabla ya salamu nilikuwa nauliza: mtoto anakunywa maji? Wifi yangu mpaka akawa anajibu kabla sijauliza. "Anakunywa, shangazi yake. Anakunywa."

Alhamdulillah alipona, au tuseme hakuugua. Sasa ni kijana yuko sekondari na ananiomba simu ya gharama. Lakini mimi nilibaki na swali: ilikuwaje?

Jibu nililipata miaka sita baadaye. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Mtanzania, Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara, pamoja na wenzake wa ndani na nje. Walifuatilia kichaa cha mbwa kisiwani Pemba kuanzia mwaka 2010 hadi 2020. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza nani kaumwa, na mbwa gani, na mbwa yule aliumwa na nani. Walichukua vinasaba vya kirusi kutoka kwa mbwa waliokufa wakavilinganisha, kama vile sisi tunavyofuatana ukoo: huyu mtoto wa fulani, yule mjukuu wa fulani.

Wakagundua kwamba mwaka 2010 Pemba ilikuwa na koo tano za ugonjwa huu zikitembea kwa wakati mmoja. Mwaka huo kukaanza kampeni ya kuchanja mbwa kisiwa kizima kila mwaka, Tanzania ikiwa katika mradi wa majaribio uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za taasisi ya Gates. Mwanzo kampeni zilisuasua, kisha zikaimarika. Ilipofika Mei 2014 koo zote tano zilikuwa zimekatika. Pemba haikuwa na kichaa cha mbwa! Nani katika nyinyi alijua? Mimi mwenyewe mwana wa kisiwa sikujua.

Kisha nini? Chanjo za kila mwaka zikaachwa. Ugonjwa hauonekani, nani atatoa fedha kwa kitu kisichoonekana? Mwishoni mwa mwaka 2016 kirusi kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa, mara mbili, na kikakuta mbwa hawana kinga. Moto ukawaka. Kampeni ikarudishwa, na Oktoba 2018 ugonjwa ukatokomezwa kwa mara ya pili.

Sasa rudini kwenye tarehe zangu. Mtoto wa kaka yangu aliumwa mapema mwaka 2017. Sisemi kwa hakika kwamba mbwa yule alikuwa na kichaa, maana vijana walimtupa na hakuna aliyempima. Lakini mtoto yule aliumwa ndani ya ufa, ule ufa wa baina ya mwaka 2014 na 2018, tulipolala baada ya kushinda. Wazee wetu walituambia, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tuliujenga kwa sindano za kutafuta kwa tochi.

Watafiti wale walipiga na hesabu. Ukitoa chanjo kwa watu walioumwa tu, kuokoa maisha ya mtu mmoja kunagharimu kiasi cha dola 256. Ukichanganya chanjo ya bure kwa walioumwa pamoja na kuchanja mbwa kila mwaka, inafika dola 1,657. Mhasibu wa haraka haraka atasema, basi tuchague ile ya 256. Hapo ndipo tunapopotea. Ile ya 256 utailipa milele, kwa sababu mgonjwa mwenyewe ni mbwa na hujamgusa. Ile nyingine ndiyo inayokata mzizi. Utafiti unasema kisiwa kikibaki salama, zaidi ya familia 30 kwa mwaka zinaepushwa na lile lililomkuta kaka yangu. Hesabu ya dola haioneshi miezi mitatu ya kuuliza kama mtoto anakunywa maji.

Najua wako wanaosema, dada huyu anatuletea habari za mbwa, na mbwa ni najisi. Ndugu zangu, sikuja kuwaambia mfuge mbwa sebuleni. Lakini hadithi ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu sote tuliisoma chuoni. Na tena tuna mtaji ambao wenzetu hawana: kwetu sisi, mtu akiguswa na mate ya mbwa, jambo la kwanza linalomjia ni kuosha. Kaka yangu hakusoma biolojia, lakini alikosha. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kidonda cha kung'atwa kinataka maji mengi yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa saa, kisha bila kuchelewa aende kudungwa hata kama kidonda ni kidogo. Udongo usiingie kwenye jeraha. Hiyo ni sentensi mbili. Sentensi mbili zingeingia katika kitabu cha darasa la tatu, na katika khutba ya Ijumaa moja kwa mwaka.

Wengine watasema dawa ni kuwaua mbwa wote. Limejaribiwa duniani kote na halikusaidia. Ukiua, wanakuja wengine wasiochanjwa, mwenye mbwa wake anayelinda shamba anamficha, na unaua hata yule aliyekwisha kuchanjwa ambaye ndiye ngao yako. Kinachosaidia ni kuchanja, na lengo linalotumika ni asilimia 70 ya mbwa. Si lazima wote.

Sasa niongeze wanyama wa porini, maana hili si la Pemba peke yake. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa unaoitwa distempa uliingia kwa simba wa Serengeti. Takriban simba 1,000 walikufa, karibu theluthi moja ya wote. Uchunguzi ulionesha kirusi chao kilikuwa cha aina moja na cha mbwa wa vijijini. Mbwa mwitu nao walikwisha kutoweka kwenye mbuga zile mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kichaa cha mbwa kilikuwa kimethibitishwa miongoni mwao. Yaani mbwa wa mzee fulani kijijini, asiye na thamani mbele ya mtu, anaweza kuangusha mfalme wa nyika ambaye watalii wanalipa maelfu ya dola kumpiga picha.

Na kinyume chake ni kweli. Wazee wetu waliijua sotoka, iliyofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuleta njaa. Ugonjwa ule ulikuwa unawaua na nyumbu. Chanjo nzuri ya sotoka ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake. Ng'ombe wakachanjwa, na hakuna aliyemkimbiza nyumbu na sindano. Lakini ugonjwa ulipokwisha kwa ng'ombe ukaisha na kwa nyumbu, na nyumbu wa Serengeti wakaongezeka kutoka kiasi cha robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja. Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imetokomezwa kabisa. Wale nyumbu mnaowaona kwenye televisheni wakivuka mto Mara, nusu ya hadithi yao ni sindano ya ng'ombe wa mfugaji.

Na mnisamehe, siwezi kuondoka Pemba bila kumtaja popo wetu. Popo mkubwa wa Pemba hapatikani popote duniani isipokuwa kwetu. Tulimwinda tukamla, na misitu tukaikata, mpaka katika miaka ya 1990 akawekwa kwenye orodha ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Hawakuletwa askari. Watu wa uhifadhi walikaa na wanavijiji, vikaundwa vikundi, watoto wa skuli wakafundishwa kwamba popo huyu ndiye anayesambaza mbegu za miti. Watu wa Kidike wakaamua wenyewe kumlinda, na wageni wakaanza kuja kumtazama kwa kulipa. Popo wakarudi, mpaka katika orodha ile akashushwa ngazi za hatari. Huo ni ushahidi kwamba mwananchi wa kawaida akielezwa kwa lugha yake, na akiona faida yake, anahifadhi bila bunduki.

Najua hapa kuna mtu kidole kimemuwasha, anataka kuniuliza Loliondo, na hasa kwa kuwa tuko katika nchi ambayo kampuni ya uwindaji yenye asili yake imekuwa ikiwinda kule tangu miaka ya 1990. Sikukimbii, ndugu yangu. Mwezi Juni 2022 serikali iliweka vigingi kwenye kilomita za mraba 1,500, wafugaji wakapinga, na yaliyotokea mliyaona. Mimi nasema kama muuguzi: huwezi kumwomba mtu akuletee mbwa wake umchanje ili simba wasife, ikiwa mtu huyo anaamini kwamba simba ni wa wageni na yeye ni kero. Utafiti unahitaji kuaminiwa, na mtu hakuamini huku umembeba na kumweka pembeni.

Sasa nije kwenye siasa, maana najua bila siasa hamtosheki.

La kwanza ni takwimu. Mwaka 2002 watafiti walikadiria kwamba Tanzania ilikuwa inapoteza watu karibu 1,500 kwa mwaka kwa kichaa cha mbwa, idadi inayofika mara 100 ya ile iliyokuwa ikiripotiwa rasmi. Mara mia! Waliobaki walikwenda wapi? Walifia nyumbani, kwa waganga, njiani. Asiyehesabiwa hapangiwi bajeti. Kama mnataka kujua serikali yoyote inamthamini nani, msisome ilani. Tazameni inamhesabu nani.

La pili ni Muungano. Tazameni maajabu. Katika orodha ya mambo ya Muungano iliyomo kwenye Katiba, utafiti umo. Takwimu zimo. Elimu ya juu imo. Afya haimo, na mifugo haimo, na skuli za msingi hazimo. Kwa hiyo anayetafiti ni wa Muungano, anayetibu ni wa Zanzibar, anayechanja mbwa ni wa wizara nyingine ya Zanzibar, anayefundisha watoto ni wa wizara ya tatu, na mbwa mwenyewe anapanda mashua bila kuuliza mtu. Sisemi Muungano uvunjwe wala uongezwe, msije mkanilisha maneno. Nasema kirusi hakijui mambo ya Muungano na yasiyo ya Muungano. Bara wameweka Dawati la Afya Moja katika Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa nia ya kukaa pamoja madaktari wa watu, wa mifugo na wa wanyamapori. Ni hatua nzuri. Swali langu ni dogo: mbwa akiumwa Micheweni, nani ananyanyua simu, na anampigia nani?

La tatu ni lugha. Utafiti ule wa Pemba uko wazi, mtu yeyote anausoma bila kulipa. Lakini umeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu. Muuguzi wa kituo cha afya, mwalimu, sheha, na kaka yangu ambaye nyumba kama yake ndiyo iliyohojiwa, wamebaki nje ya mlango. Tunatoa damu, tunatoa majibu, tunatoa mbwa wetu, na mwisho wa safari tunasikia kwamba tumetafitiwa. Siwalaumu watafiti. Wao hupimwa kwa machapisho, si kwa mabango ya skuli. Lakini sisi tunaojisifu hapa kwa Kiswahili chetu, nani katika sisi ameshatafsiri kurasa mbili?

Ndipo ninapokuja kwenu na kwangu. Sisi wa nje tuna tabia moja. Mtu akifa tunachangishana mpaka usiku wa manane, na maiti inasafirishwa kwa heshima. Ni jambo jema na tusiliache. Lakini tunachangia maiti haraka kuliko tunavyochangia kinga. Mimi mwenyewe mwaka 2017 nilituma pesa ya sindano, na tangu hapo mpaka niliposoma utafiti ule mwaka 2023 sikuuliza hata mara moja kama mbwa wa kijijini kwetu wamechanjwa. Nilikuwa nazima moto nikidhani nimejenga nyumba. Kosa hilo ni langu, na nimelikiri mbele yenu.

Iko hoja moja ambayo nimeizingatia sana, na aliyeniambia ni mkunga wa Pemba, mtu ninayemheshimu. Alisema: mwanangu, wazazi wanatokwa damu hapa hatuna glovu, na wewe unaniletea mbwa. Sikuwa na jibu la haraka, na bado sidai kwamba mbwa atangulie mbele ya mzazi. Ninachosema ni kwamba hapa tuna ugonjwa mmoja ambao tumeshaushinda mara mbili. Njia inajulikana, gharama inajulikana, na watu wetu wenyewe ndio waliofanya kazi. Yapo maradhi mengi ambayo hatujui tufanye nini. Huu tunajua. Kushindwa kwa jambo unalolijua ni aibu ya aina nyingine.

Basi naomba mambo matatu. Kwanza, walimu na wenye elimu mliomo humu tukae siku mbili tu, tuandike muhtasari wa Kiswahili wa utafiti ule, ukurasa mmoja kwa wauguzi na ukurasa mmoja kwa skuli na vyuo vya Kurani, na tuwaombe watafiti wenyewe wausahihishe kabla haujaenda popote. Pili, jumuiya hii iwe na swali moja la kudumu kwa kila kiongozi anayepita Dubai kutusalimia, awe wa chama gani: mwaka huu mbwa wamechanjwa wangapi, na chanjo ya aliyeumwa iko vituo vingapi? Tusimwulize mengine mpaka ajibu hilo. Tatu, kila mmoja wetu leo usiku akipiga simu nyumbani, aseme zile sentensi mbili: sabuni na maji dakika 15, kisha sindano bila kungoja. Hiyo haihitaji kamati.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sote tutarudi, wengine kwa miguu yetu na wengine ndani ya sanduku. Mimi hapa kila siku namuuliza mgonjwa wa watu kama amekaribiana na ngamia, na nalipwa kwa swali hilo. Ninachotaka ni kwamba siku nitakaporudi Pemba, nikaingia katika kituo kile kile kilichomrudisha mtoto wetu, nimkute muuguzi kijana ana fomu mbele yake, na katika maswali yake limo swali la mbwa, na nyuma yake lipo jokofu, na ndani ya jokofu ipo chanjo.

Nakaribisha maswali na hata matusi, ila baada ya pilau.